Mkwe kanilipia hoteli ya mlimani kwenye theluji, mimi na goti langu naenda kufanya nini huko?

MamaKulwa wa Igoma
12 Januari, saa 2:14 usiku

Habari za saa hizi wanajukwaa, wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu nipo Igoma hapa Mwanza. Binti yangu yupo Portland, Oregon, Marekani, kajifungua mwezi wa kumi na visa yangu imetoka kwaiyo mwisho wa Februari naenda kumshikia mtoto. Hapo sina shida, kulea ndo kazi yangu. Shida ni mkwe. Mkwe ni wa huko huko, kijana mpole ana heshima zake, sasa katika kutaka kunifurahisha amelipia siku mbili kwenye hoteli moja ya mlimani inaitwa Timberline Lodge, iko kwenye mlima Hood, anasema ni ya zamani imejengwa kwa mawe na magogo na watu wanaski hapo hapo mlangoni. Binti kanirushia picha, nyumba imefukiwa na theluji mpaka madirisha ya chini hayaonekani, nikamuuliza mwanangu humo ndani kuna watu au ndo wanachimbuliwa.

Naomba msaada kwa aliyewahi kufika huko au sehemu kama hiyo. Kuteleza na vile vibao siwezi, goti la kulia linanisumbua hata kupanda daladala, sasa nitakaa siku mbili naangalia moto? Nguo je, maana nguo yangu nzito kuliko zote ni sweta la kwaya. Na la mwisho naona aibu hata kuliandika ila humu hatujuani. Binti anasema chumba walichopata ni kimoja, vitanda vya ghorofa kama bwenini, choo na bafu viko koridoni mnashea na wageni wengine. Jamani. Chumba kimoja mimi na mkwe wangu? Nimeshindwa kumwambia, na yeye kakaa huko miaka kumi na moja naona kasahau, au anajifanya kasahau.

Lingine dogo, leo nimepita soko la Mlango Mmoja nimenunua jaketi la mtumba zito, la bluu zipu ya chungwa, elfu ishirini na mbili baada ya kuvutana sana. Kwenye zipu kuna kikaratasi kimening'inia kwenye kiwaya, kimegandishwa hakitoki. Ni bei ya zamani au? Nikikate?


JiweLaBismarck
12 Januari, saa 2:31 usiku

Mama shikamoo. Afadhali umeandika hoteli maana ungeandika "mkwe kanilipia lodji" hapa Mwanza watu wangekuelewa vingine, lodji huku tunazijua kwa masaa 😂😂 Nisamehe mama, natania. Kikaratasi kiache tu ni pambo.


Mzee wa Mkuyuni
12 Januari, saa 3:05 usiku

Mwalimu hongera kwa mjukuu. Mimi sipindishi. Hoteli ya magogo, choo koridoni, vitanda vya bweni, halafu hela ya usiku mmoja ukiileta huku unapaua chumba na sebule. Pale stendi ya Nyegezi ukishuka na basi unapata chumba masta, feni, chandarua, na maji ya moto wanakuletea kwenye ndoo ukigonga mlango. Mwambie kijana airudishe hiyo hela akununulie simu. Eti nyumba kongwe, nyumba ya marehemu baba kule Magu nayo kongwe na sijaona mtu anapanga foleni kulala mle.


Kipepeo wa Gresham
12 Januari, saa 5:40 usiku

Mzee usimkatishe mwalimu tamaa jamani. Mwalimu shikamoo. Mimi kwetu Ukerewe ila nimekaa Gresham miaka tisa, Gresham iko njia hiyo hiyo ya kwenda mlima Hood, barabara namba 26, kutoka Portland mjini mpaka hotelini ni kama kilomita 100 hivi, na nimelala pale mara mbili, ya kwanza ni hicho hicho chumba cha bweni kwaiyo naongea ninachokijua.

Ile siyo hoteli ya tajiri fulani, ndo watu wengi hawajui. Ni mali ya serikali, iko ndani ya msitu wa taifa, kuna familia tu inaiendesha tangu 1955. Ilianza kujengwa 1936 wakati Marekani hakuna kazi, watu wanapanga foleni za supu, serikali ya rais Roosevelt ikaanzisha mpango wa kuwapa watu ajira na hoteli hii ikawa mojawapo ya kazi zenyewe, fundi analipwa senti 90 kwa saa, kibarua senti 55. Roosevelt mwenyewe alikuja kuizindua tarehe 28 Septemba 1937 na wageni wakaanza kulala Februari 1938. Sasa kwa vile hela ilitolewa ili watu wapate kazi na siyo kwenda kununua vitu dukani, wakatengeneza karibu kila kitu kwa mkono, viti, taa, mapazia, makomeo ya milango, na walitumia vitu vilivyotupwa. Zile nguzo za mwisho za ngazi ni nguzo za zamani za waya, wakazichonga vichwa vya wanyama na ndege. Vyuma vya kuegeshea kuni ni vipande vya reli. Mazulia akina mama waliyafuma kwa matambara ya mablanketi na sare za makambi ya vibarua. Mwalimu wewe ukiingia mle utaelewa haraka kuliko hata hao wenye ski maana unajua kutengeneza kitu kwa kilichopo.

Kuhusu kukaa bure, hutakaa bure. Katikati ya nyumba kuna chimni ya mawe ya pande sita inapanda mita 28 mpaka juu ya paa, chini kuna moto, unakaa na chokoleti yako ya moto unaona watu wanaingia wamepakaa theluji nyusi mpaka ndevu. Juu yake kuna baa inaizunguka hiyo chimni, madirisha yanaangalia mlima, kama mawingu yametoka unawaona wanavyoshuka kama siafu wamemwagiwa maji. Nje kuna bwawa la maji ya moto, watu wanaogelea mvuke unapanda na theluji imewazunguka, mimi mara ya kwanza nlisema hawa wamechanganyikiwa, mara ya pili nliingia. Na kuna mbwa wakubwa wale wa Saint Bernard, wa kike huwa anaitwa Heidi wa kiume Bruno, akifa mmoja anayekuja anarithi jina, kama sisi na majina ya mababu. Nasema mapema kama unaogopa mbwa, ana ukubwa wa ndama.

Na ukiambiwa na watu kwamba hoteli ina mashetani usishtuke, sura yake ya nje ilitumika kwenye filamu moja ya kutisha ya 1980. Wenye hoteli waliomba chumba cha kwenye hadithi kisiwe namba 217 wageni wasije wakakikimbia, wakaweka 237 ambayo pale haipo. Sasa hivi 217 ndo inaombwa kuliko vyote 😄

Hilo la chumba ndo lenyewe. Mwambie binti siyo mkwe, na mwambie leo. Mkwe hajakudharau mwalimu, kwao vile vyumba vya vitanda vya ghorofa ni raha ya familia, babu bibi wajukuu wote wanalala mle wanacheza karata, hana anachojua. Vipo vyumba vyenye bafu ndani, vingine hadi vina moto wake, ila Machi shule za kule zinafunga na vinajaa haraka. Kama vimeisha basi vyumba viwili vya bweni, wewe na binti na mtoto kimoja, yeye kimoja.


Mgumu wa Horombo
13 Januari, saa 12:50 asubuhi

Mama shikamoo. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka sita njia ya Marangu kabla sijahamia huku kwenye dagaa kwaiyo kwenye baridi niulize mimi.

Kwanza usiogope neno mlima. Hiyo hoteli iko kama mita 1,800 ambayo ni karibu sawa na geti la Marangu, na pale getini mama kuna watoto wanauza ndizi. Mwanza yenyewe tu tuko mita 1,100 na kitu. Pumzi haitakusumbua. Na huo mlima wao kileleni ni mita 3,429 wakati kambi ya Horombo kule Kilimanjaro nlipokua napika uji ni 3,720 😂 kwaiyo mlima wao mzima unaishia chini ya jiko langu. Tofauti ni kwamba wao wako mbali na ikweta, kule nyuzi 45 kaskazini, alafu ule upepo unatoka Pasifiki umebeba maji ukigonga mlima unapanda unapoa unamwaga theluji, wanapata kwa wastani kama mita 13 kwa msimu, ndo maana umeona madirisha yamefukiwa. Wengine wanaski hadi mwezi wa saba kwenye theluji ya juu isiyoisha.

Nguo. Ya ndani inayogusa mwili isiwe pamba, pamba ikishika jasho hairudi, unabaki umevaa kitambaa cha maji. Vaa taitsi za sufu au zile za plastiki za mazoezi. Katikati sweta, na hilo la kwaya kama ni sufu kweli hiyo ni dhahabu usiliache. Juu jaketi lako la Mlango Mmoja. Mzula ufunike masikio. Soksi nene pea moja, MOJA, wengi wanavaa tatu kiatu kinabana damu haipiti vidole vinaganda, nimeona wazungu wazima wanalia kwa kosa hilo. Miwani ya jua lazima, theluji inarudisha mwanga unaumwa macho kama umeangalia mtu anachomelea. Na mafuta ya midomo. Baridi yenyewe fikiria kivuko cha Kamanga saa kumi na mbili asubuhi upepo umekukalia kifuani, alafu zidisha.

Kikaratasi usikivute kwa nguvu utang'oa zipu.


Nesi Asiyelala
13 Januari, saa 8:20 mchana

Mwalimu shikamoo. Naongezea la goti. Hatari yako siyo theluji, theluji ukianguka ni godoro, hatari ni barafu ya parking na ya kwenye vingazi, ile ngumu inang'aa huioni. Mwambie mkwe akutafutie vile vyuma vyenye meno vya kuvalia chini ya kiatu, vinavalishwa kama malapa ya mpira, na ukitembea weka hatua fupi kama bata, uzito uwe juu ya mguu wa mbele. Ngazi panda na mguu mzima, shuka na ule mbovu. Dawa zako zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, begi la chini likipotea utaenda kuanza upya huko na bei zao. Kama una presha usijichemshe kwenye yale maji ya moto muda mrefu.

Mtoto najua utataka kumfunga mgongoni. Ndani mfunge, nje kwenye baridi awe mbele kifuani umuone uso. Na kwenye kiti cha gari asivalishwe jaketi nono, mkanda unakaa umelegea bila kujua, mfunge mkanda kwanza alafu blanketi juu.


Mzee wa Mkuyuni
13 Januari, saa 1:10 usiku

Nimesoma yote. Kipepeo unasifia senti 55 kwa saa? Mtu kapasua mawe kwa senti 55 kwenye barafu, leo mjukuu wake akitaka kulala humo analipia mamia ya dola. Na nimekumbuka, hiyo hoteli si ndo niliona taarifa ya kuungua?


Kipepeo wa Gresham
13 Januari, saa 4:02 usiku

Kuungua ni Aprili 2024 Mzee, moto ulishika sehemu ya paa na darini, zimamoto waliuwahi, baada ya siku chache wakafungua tena. Nyumba ya magogo ya miaka 80 na zaidi mtu yeyote angeogopa, mimi nlilia kabisa nlipoona picha.

Senti 55 sijasema ni nyingi. Nasema mwaka 1936 yule kibarua alikua anapata sifuri. Na kazi yenyewe siyo ya kupasua mawe tu, walichukuliwa maseremala, wahunzi, wachoraji, akina mama wa kushona, mtu anafundishwa na fundi mzee kazi ambayo anatoka nayo. Ila hilo la mjukuu kulipa mamia, hapo sibishani na wewe. Unaweza kwenda ukaingia ukaangalia bure bila kulala, watu kibao wanafanya hivyo, wanakaa pale kwenye moto wanakula sandwichi zao walizotoka nazo nyumbani.


Mzee wa Mkuyuni
13 Januari, saa 4:09 usiku

Hapo sasa. Hapo tumeelewana. Mwalimu nenda na sandwichi.


MamaKulwa wa Igoma
15 Januari, saa 11:30 jioni

Wabeja sana jamani wote. Nimemwambia binti. Kwanza alicheka mpaka simu ikaanguka, halafu akanyamaza, akasema mama nilisahau kabisa nisamehe. Baada ya saa mbili mkwe kapiga mwenyewe kwa video, Kiswahili chake cha kuokoteza, akasema "Mama, samahani, vyumba mbili." Basi. Vya bafu ndani vimeisha kwaiyo tumepata viwili vya bweni. Koridoni tutajuana huko huko.

Mgumu, sweta nimeangalia kibandiko, ni sufu. Lilinunuliwa na kwaya mwaka nilipoanza kuimba sauti ya pili, halijawahi kunifaa hata siku moja kwa joto la Mwanza.


JiweLaBismarck
15 Januari, saa 11:42 jioni

Mama tunasubiri mrejesho na picha ya ndama.


MamaKulwa wa Igoma
9 Aprili, saa 6:15 usiku (huku bado mchana)

MREJESHO. Poleni kwa kusubiri, mtoto anaota meno hakuna anayelala nyumba hii.

Tulikwenda wiki ya tatu ya Machi. Tulitoka Portland mvua inanyesha kama masika ya kwetu, nyasi kijani, maua yameanza, nikasema hiyo theluji mnaitoa wapi. Tukapanda, masikio yakaziba, miti ikaanza kuwa mirefu na myeusi, mara pembeni mwa barabara naona uchafu mweupe kama povu la sabuni, baada ya dakika ishirini barabara ina kuta za theluji pande zote kumpita mtu. Mkwe alikuwa na minyororo ya matairi kwenye buti lakini siku ile hatukuifunga. Pale pa kupaki kuna kibali cha kubandika kwenye kioo, kinatakiwa kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, mtu asije akakisahau.

Mlangoni wameweka kama handaki, la duara, unapita ndani yake juu na pembeni ni theluji tupu, miguu inalia kwa mwangwi, halafu unasukuma mlango mzito wa mbao una vyuma kama wa boma la Mjerumani, na joto linakupiga usoni lina harufu ya moshi wa kuni. Nilisimama. Harufu ile ile ya jikoni kwa bibi yangu Misungwi. Sikutegemea kwenda kuikuta Marekani.

Kipepeo umesema kweli nguzo za ngazi. Niligusa karibu zote. Kuna moja ya ndege, kichwa chake kimekuwa laini na cheusi kinang'aa kwa sababu kila anayepanda anamshika kichwani, miaka yote hiyo, mabawa yaliyo chini mkono usikofika bado yana alama za patasi unazihesabu. Mimi na goti langu nilimshika huyo ndege kila nilipopanda na nilipanda mara nyingi kuliko nilivyopaswa, nesi nisamehe.

Chumba. Vitanda vya ghorofa kweli, mimi chini, binti juu, mtoto na mimi. Dirisha letu lilikuwa limefukiwa lote, nikafikiri nitakosa pumzi, lakini asubuhi jua lilipotoka mwanga ukapenya ndani ya ile theluji na chumba chote kikawa bluu, bluu ya ziwa ukiwa mbali na ufukwe. Mtoto alikuwa macho anaangalia mikono yake ya bluu. Sikumuamsha binti, nilitaka nimalize mwenyewe kwanza.

Koridoni sasa. Mimi nilikuwa naoga saa kumi na moja alfajiri kama kijijini, siku ya kwanza salama, maji ya moto mpaka basi. Siku ya pili nimetoka na khanga mbili na taulo, nasikia mtu anakohoa nyuma ya kona. Anakohoa anasimama. Anakohoa tena, kwa nguvu, kikohozi cha uongo kabisa. Nikarudi bafuni nikafunga mlango, nikasikia nyayo zinapita mbio. Alikuwa mkwe. Binti alimfundisha usiku ule kwamba kwetu ukikaribia mahali alipo mama mkwe unabisha hodi kwa kifua. Siku ile nzima kijana wa watu anakohoa kila kona mpaka mfanyakazi mmoja akamletea chai ya asali 😂 Nimempenda mno huyu mtoto.

Kikaratasi! Ngoja niwaambie. Mchana tumekaa kwenye moto nimevaa jaketi langu, kuna mzee wa Kizungu kakaa kiti cha jirani, ana ndevu kama za kuchora, akawa anaangalia zipu yangu anatabasamu, mwisho akanyoosha kidole akauliza kitu. Mkwe akacheka akaniambia mama, hiyo ni tiketi. Kumbe zamani ukilipia zile lifti za viti zinazopandisha watu juu ya mlima, tiketi ilikuwa ya karatasi unaigandisha kwenye kiwaya kwenye zipu ili mkaguzi aione, siku hizi wengi wanatumia kadi ya mfukoni. Jaketi langu lilishaski kabla yangu! Limetoka kwenye milima kama hiyo, likaingia kwenye belo, likavuka bahari, likafika Mlango Mmoja, na mimi nikalirudisha kwao kwa ndege. Maandishi yamefutika, imebaki JAN na nusu ya namba. Mzee akauliza mimi niliski wapi. Nikamwambia mkwe mwambie Mlango Mmoja. Mkwe akatafsiri neno kwa neno, yule mzee akatikisa kichwa kwa heshima kama mtu aliyeusikia huo mlima.

Sasa na ya upande mwingine nisije nikaonekana nasifia tu. Mlima wenyewe siku ya kwanza sikuuona kabisa, ukungu mtupu, nimeambiwa uko hapo nyuma nikakubali kama imani. Siku ya pili ulitokea kama saa moja na nusu asubuhi, mweupe, karibu mno, kama mtu amesimama dirishani, halafu ukafunikwa tena saa tano. Na mchana wa siku ya pili nilichoka. Ukishaona moto na ndege na watu wanaanguka, unabaki unawaza dagaa. Binti na mumewe walipokezana kwenda kuteleza, mimi na mjukuu tukalala usingizi wa mchana, wa nguvu. Bwawa la moto nilitia miguu tu, nesi. Mbwa nilimkuta kalala katikati ya njia, nikamzunguka, hakufungua hata jicho.

Soksi nilivaa pea moja.


Mgumu wa Horombo
9 Aprili, saa 6:40 usiku

Pea moja! Mama umenifanya siku iwe nzuri. Tiketi kwenye zipu mi nlikua naziona kwenye majaketi tuliyokua tunaachiwa na wageni, miaka yote nlidhani ni ya dobi.


Kipepeo wa Gresham
9 Aprili, saa 7:15 usiku

Nimecheka nimelia. Hiyo rangi ya bluu nlikua sijawahi kuiona, mimi nlipewa chumba cha juu. Mwalimu Jumapili moja karibu Gresham, nina unga wa muhogo na sato nimempata duka la Waasia, siyo wa kwetu ila anadanganya mdomo.


Mzee wa Mkuyuni
10 Aprili, saa 1:05 asubuhi

Mwalimu umeandika vizuri. Swali moja tu na ujibu kama ulivyokuwa unatufundisha kujibu, ndiyo au hapana. Kwa hela yako mwenyewe ungelala hapo?


MamaKulwa wa Igoma
10 Aprili, saa 1:50 asubuhi

Kwa pensheni yangu hapana Mzee. Ningekwenda na sandwichi kama ulivyosema, nikae kwenye moto mpaka jioni nirudi. Ila mkwe akilipa tena, nafunga begi leo.


SangaraMdogo
10 Aprili, saa 3:22 asubuhi

Mama shikamoo, mimi ndo kwanza naisoma hii mada. Naenda Norway masomoni mwezi wa nane, hilo jaketi Mlango Mmoja umelipata kwa nani hasa, maana nimezunguka jana nimeona majaketi ya mvua tu.


MamaKulwa wa Igoma
10 Aprili, saa 3:30 asubuhi

Marahaba mwanangu. Usitafute mezani, mazito hawayaweki mbele kwa sababu hakuna mnunuzi. Kuna kijana mwembamba kila siku ana kofia nyekundu, anauza mapazia, majaketi anayakalia yeye mwenyewe kama mto. Mwambie asimame. Ataanzia elfu hamsini, usikasirike, ondoka polepole.